Mibono Mbele ya Stesheni

Simile! Hakuna neno nililolichukia kama hilo katika ujana wangu, na hata leo likitamkwa mgongoni mwangu siondoki. Nageuka kwanza nimtazame anayelitamka. Kama amebeba maji au mgonjwa, nampisha kwa heshima. Kama anasukuma gurudumu, namwambia asimame yeye.

Wajukuu wangu huona haya kutembea nami mjini. Wananiita mkorofi, wanacheka, wananivuta mkono. Sawa, wacheke. Wao hawakumjua mama yangu, na hawajui kwamba ule uwanja wa mbele ya stesheni wanaoukatiza huku wanatafuna miwa ulikuwa nusura umle.

Mama alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Homa ilimshika wakati mimi natambaa, na alipopata nafuu masikio yalikuwa yamekwisha ziba. Sauti yake ilibaki, tena kubwa kuliko mwanzo, maana alikuwa hajisikii. Akinong'ona siri, bonde zima lilipata habari. Watu wa kwetu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka nao, akitazama midomo yetu inavyokwenda.

Tulikaa juu, kwenye mabega ya Uluguru yanayoutazama mji wa Morogoro, ambako ukungu hauondoki mpaka jua likolee. Tulilima maharage, magimbi, ndizi na mboga za majani. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo shamba lile mama alilipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Siku ya soko tulishuka kwa mstari, kwa kuwa njia ni nyembamba na chini yake ni korongo. Mama mbele, mimi nyuma yake, tenga kichwani na mkono wangu mmoja umeshika ncha ya kaniki yake. Nikivuta upande wa kulia alisogea kulia. Nikivuta kwa nguvu alisimama pale pale, hata kama mguu ulikuwa hewani. Hivyo ndivyo tulivyozungumza njiani, na sikumbuki kama kuna mtu aliyetufundisha.

Mama alilipenda soko kupita kiasi. Nyumbani, watu wakikaa jioni kuzungumza, alikuwa anaachwa nyuma. Wanacheka, yeye anauliza kuna nini, na mpaka mtu amweleze kwa mikono, kicheko kimekwisha kupoa. Lakini sokoni kila mtu huzungumza kwa mikono. Mnunuzi anaonyesha fungu, anakunja uso, anaondoka, anarudi. Mama aliyasoma hayo yote kuliko wenye masikio. Alijua nani atanunua kabla mwenyewe hajajua. Pale alikuwa mtu kamili, na alipofika uwanjani hata mgongo wake ulinyooka.

Kabla ya reli ya Mdachi, yaani Mjerumani, soko lilikuwa la watu wa miguu. Wapagazi walipita na mizigo yao, ndiyo, na wengine walikuwa na haraka. Lakini mpagazi akikugonga mnaumia wote wawili, kwa hiyo alitazama anakokwenda. Gurudumu haliumii. Tofauti ni hiyo tu, na mabwana wakubwa wote wa boma hawakuiona.

Reli ilipofika, nafasi iliyokuwa kati ya stesheni na maduka ya Wahindi ilifyekwa ikawa uwanja. Bibi yangu alikuwa amelima mtama pale. Sasa yakaanza kuja magari ya punda kutoka mashamba ya wazungu, yamejaa pamba na mkonge, na mengine yakitoka machimboni milimani na makasha ya ulanga, yale mawe yanayobanduka kama maganda ya kitunguu. Zikaja na rukwama za kusukumwa na watu. Zote zilikuwa zinangoja gari la moshi. Ziligeuka popote, zilirudi kinyumenyume popote, na uwanja wenyewe ulikuwa wa mteremko kidogo. Wenye magari walizitupa rukwama zao bila hata jiwe chini ya gurudumu, wakaenda kunywa uji.

Katikati ya hayo tulikaa sisi wanawake na mboga zetu, kwa kuwa wanunuzi walikuwa hapo hapo: mafundi wa reli, wake za askari, abiria. Wengine walitoka Mkuyuni, wengine Matombo, wamelala njiani na ndizi zao ili wafike mapema. Sheria ya uwanja ilikuwa moja. Mwenye gari aite simile, watu wampishe. Akishaita, kazi yake imekwisha. Iliyobaki ni ya mwenye miguu.

Siku ile nilikuwa nimeshuka mtoni kuchovya mchicha usinyauke. Nikiwa narudi nikasikia wanawake wanapiga yowe, nikatupa tenga nikakimbia. Gari la punda lilikuwa limerudi nyuma likapanda juu ya kapu la mama, na mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya gurudumu. Hakuwa analia. Alilikodolea macho lile gurudumu, halafu akaniona, akasema kwa sauti yake ile iliyosikika mpaka stesheni: "Mwambie aliondoe!"

Mwenye gari alikuwa Mnyamwezi mmoja mrefu, si mtu mbaya, uso umempauka. Alikuwa anapiga kelele: "Nimeita! Nyote mmesikia, nimeita simile, tena nimeita sana!"

Ni kweli aliita. Hakuna aliyekataa.

Vidole vya mguu ule havikurudi. Mama alijifunza kukanyagia kisigino, na njia ya mlimani ikawa ndefu kwake. Na watu, kama ilivyo ada yao, wakataka nijilaumu. Mbona ulimwacha peke yake? Unamjua mama yako hasikii, mboga ni bora kuliko mama? Sikujilaumu siku ile, na leo nimeota mvi bado sijilaumu. Mtu mzima aliyekaa chini na mboga zake hahitaji mlinzi. Anayehitaji mlinzi ni yule anayerudisha gari nyuma bila kuona.

Tuliitwa bomani kwenye shauri. Bwana wa boma alikuwa Mdachi kijana, shingo imeungua na jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, hakujua kuomba wala kuuliza. Pembeni yake alisimama akida, mtu wa pwani, kanzu nyeupe pee, aliyetuona sisi watu wa mlimani kuwa tumeshuka juzi kutoka mitini. Mwenye gari akaulizwa: uliita? Akajibu aliita. Mashahidi wakaulizwa: aliita? Wakajibu aliita. Shauri likawa limekwisha.

Akida akatutangazia hukumu kwa mbwembwe zote. Mwenye gari hana kosa. Kuanzia leo kiziwi, kipofu na kilema wasionekane uwanjani. "Ni kwa usalama wao," akasema. "Serikali inawahurumia."

Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa msichana niliyetoka kuchezwa ngoma ya unyago, nimefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na mafundisho yote yale yakaniruka.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "gari nalo halisikii. Mbona limeruhusiwa?"

"Nyamaza, binti!" akida akanikaripia. "Huna adabu! Nani aliyekulea?"

"Huyu hapa," nikasema, nikamwonyesha mama.

Bwana wa boma alicheka kidogo, akaita shauri lingine. Nadhani kile kicheko kiliniuma kuliko viboko ambavyo angeweza kuniamuru.

Mama hakuwa amesikia neno. Alikuwa anatazama uso wangu. Njiani kurudi, alipochoka akakaa juu ya jiwe, nikamweleza kwa mikono na midomo: wewe, uwanjani, basi tena. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Nikaongeza ile sehemu ya usalama.

"Usalama wa nani?" akauliza, na korongo zima likamsikia.

Alilia siku ile. Hakulilia vidole. Aliniambia kwamba wakimfungia mlimani atakuwa ameziba masikio kwa mara ya pili, na safari hii na macho pia. Nikamshika mkono tukaendelea kupanda.

Karibu na kwetu, njia hupita kando ya makaburi ya ukoo. Mtu akizikwa, tunachomeka fimbo za mti wa mbono kichwani na miguuni pake. Mbono hauhitaji kubembelezwa. Fimbo kavu kavu tu, mvua ikinyesha inatoa majani, na mbuzi haugusi. Ndiyo maana watu wengi huuita mbono kaburi. Ukiuona mbono umesimama peke yake mahali pasipo na boma la ng'ombe wala ua wa nyumba, unajua kuna mtu chini, unazunguka. Anazunguka mtoto, anazunguka mlevi, na mgeni kutoka nchi nyingine naye anazunguka, maana makwao ni hivyo hivyo. Mama alisimama pale muda mrefu akiitazama ile mibono. Nilidhani anaomba.

Mguu ulipopona kiasi cha kukanyaga, siku ya soko aliniamsha kabla ya jogoo. Juu ya tenga lake la maharage alikuwa amefunga mzigo wa fimbo za mbono zilizokatwa usiku wa jana yake. Nikamwuliza kwa mikono: nani amekufa? Akanipa tenga langu, akatangulia.

Tulifika uwanjani jua likiwa limechomoza, watu wote wapo, askari wapo. Hakujificha. Alikwenda hadi pale pale alipokanyagwa, akachimba kwa kijiti, akachomeka fimbo moja mbele ya miguu yake na nyingine nyuma ya mgongo. Halafu akatandika majani ya mgomba, akapanga maharage yake, akakaa katikati.

Wanawake wa Mkuyuni walitazama. Mmoja akacheka, kisha akaacha kucheka. Mzee mmoja wa Matombo aliyekuwa na ndizi mbivu akaja akamwonyesha mama mkono mtupu, akapewa fimbo. Akaja mwingine. Mzigo ukaisha, wengine wakaenda kukata mibono kwenye ua wa jirani. Kabla gari la moshi halijapiga filimbi, mstari wa fimbo ulikuwa umeupasua uwanja: huku sisi, kule magari.

Na magari yalizunguka! Nimeona kwa macho yangu. Wenye gari walifika kwa kelele zao, wakiona mibono wanavuta hatamu, wanashusha sauti, wanapita mbali. Wengine walivua kofia.

Akida naye akaja. Alipoona mbono mbele ya stesheni alishtuka, na mimi sikufungua mdomo. Alisimama kwa heshima, akainua mikono, akasoma Fatiha taratibu mpaka mwisho, akapitisha viganja usoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Poleni, binti. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado, Bwana Akida," nikamjibu. "Tumepanda mapema. Hili la mama yangu, lile la yule, na hili hapa ni langu."

Wanawake waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka kileleni Bondwa. Mama, ambaye hakusikia, aliziona nyuso zetu akacheka kuliko wote. Akida aliiva uso. Alikuwa ameombea dua maharage na ndizi mbele ya umati wa watu, na jambo hilo hakutusamehe mpaka alipohamishwa. Akawaamuru askari wang'oe. Waling'oa, shingo upande, kwa ncha za vidole. Mama alifukuzwa uwanjani, nami nyuma yake.

Siku ya soko iliyofuata tulirudi na mzigo mkubwa zaidi. Safari hii kila mwanamke alikuja na fimbo zake, na waliotoka Matombo walikuja nazo njia yote ile ndefu juu ya ndizi. Tukapanda. Askari walipofika mmoja akasema yeye hang'oi tena, mke wake ni mjamzito, hataki mkosi. Mwingine akasema yeye naye vivyo hivyo, ingawa hakuwa na mke.

Ndipo akaja bwana wa boma mwenyewe, akida akimfuata nyuma. Alizitazama fimbo zile kama mtu anayetazama mchezo wa watoto. Akamwita mwenye gari aliyekuwa karibu, na kwa bahati, au sijui niseme nini, alikuwa ni yule Mnyamwezi aliyemkanyaga mama. Gari lake lilikuwa limejaa makasha ya ulanga.

"Pita hapa," bwana akamwamuru. "Moja kwa moja."

Alimaanisha katikati ya mibono. Mama alikuwa amekaa pale, ameugeuzia mgongo uwanja wote, anapanga mafungu. Nilikuwa nyuma yake. Mkono wangu ulikuwa kwenye ncha ya kaniki yake, na ningevuta mara moja tu angesimama akasogea. Sikuvuta. Nilikaa chini kando yake, nikaugeuza mgongo wangu nao ulingane na wake. Niliogopa, lakini nilikuwa nimechoka kuvuta kaniki ya mama ili gari lipate nafasi.

Nikasikia sauti ya mwenye gari nyuma yangu. "Bwana, mimi siwezi kupita juu ya kaburi."

"Hakuna mtu ndani!" bwana akapaza sauti. "Ni fimbo tu!"

"Ndiyo, Bwana. Hakuna mtu ndani. Nikipita, atakuwamo."

Kisha bwana akamwambia aite simile na apite, na yule mtu akasema: "Niliita siku ile, Bwana. Niliita sana."

Akashuka, akaokota jiwe, akaliweka chini ya gurudumu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwenye gari akiweka jiwe chini ya gurudumu pale uwanjani. Halafu akasimama kando, mikono ameiacha ikining'inia, akingoja la kumpata.

Alipata hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, bomani siku hiyo hiyo. Sisemi hivyo ili hadithi inoge. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa, na kila aliyekuwa hai anajua sauti ya kiboko. Wanawake wa soko tulimpelekea chakula na mafuta ya kupaka, na mama alikwenda mwenyewe kwa kisigino chake. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Alimpaka mafuta mgongoni polepole, mtu ambaye gari lake lilimvunja mguu, na yule mtu mrefu akalia kwa kwikwi. Mimi nilikuwa na kinyongo naye mpaka siku ile. Pale kikaniisha.

Hatukuondoka. Walitufukuza, tukarudi. Waling'oa, tukapanda. Wenye magari wengine nao wakaanza kushuka na kuweka mawe chini ya magurudumu, wakakataa kupita, na bwana wa boma hakuweza kuwachapa wote, maana nani angepeleka pamba stesheni? Mvua za masika zikaanza, mibono ikatoa majani. Ikishatoa majani, haiwi fimbo tena.

Siku moja wakaja wafungwa na vipande vya reli vilivyokatwa. Wakavisimika kwa mstari, wakavipaka chokaa, na akida akatangaza kwamba kwa amri ya serikali magari yatabaki upande ule na wauzaji upande huu, na hakuna gari litakaloruhusiwa kuvuka vyuma hivyo. Serikali inawahurumia, akasema tena. Vilisimikwa pale pale kwenye mstari wetu, kati ya mbono na mbono. Watu wa mjini mpaka leo wanasema ni Mdachi aliyetutengenezea. Mimi nikisikia hivyo nasimama, hata kama ni msibani, nawaambia nani alipanda kwanza. Neno la viziwi na vilema hakulirudia mtu, na mama aliendelea kukaa mahali pake, mgongo kwenye magari, bila kugeuka.

Siku hizi yamekuja magari yasiyovutwa na mnyama, na badala ya simile yana honi. Dereva anapiga honi, anaona kazi yake imekwisha. Ni lile lile. Mama yangu asingeisikia honi pia.

Alifariki kitandani kwake, kwa kifua, kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza. Tulimzika juu, kwenye makaburi ya ukoo. Wajomba walitaka kukata mbono wa karibu, nikakataa, nikawaambia wanisubiri. Nikashuka mlima peke yangu hadi uwanjani, mkono wangu haujui ushike nini. Mbono wake ulikuwa umenipita urefu. Nilikuwa nakata matawi ya kichwani na miguuni pake wakati gari moja liliposimama nyuma yangu. Mwenyewe alikuwa mgeni, alitaka kukatiza kwenda stesheni, na alikuwa ameona machozi yangu.

"Pole, dada," akasema. "Hapa amezikwa nani?"

"Hapa hakuzikwa mtu," nikamwambia. "Zunguka kule."